Kuku Mgeni wa Kangle

Mkiwa Kangle, mtaa wa Guangzhou uliovuma kwa vyerehani, mkaona kuku mweupe mwenye manyoya laini kama ya paka, msishangae. Mpekueni: ngozi nyeusi. Hesabuni vidole: vitano kila mguu, ilhali kuku wengi wana vinne. Huyo ni silki, mmoja wa wale Wachina wawaitao wuguji, yaani kuku wa mifupa myeusi. Marco Polo aliwasimulia kuku wa namna hiyo karne ya 13.

Na kuchi wetu, yule mrefu, mpiganaji? Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha udugu wa upande wa mama na shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Yaelekea wahenga wake walivuka bahari. Leo tunamwita wa kienyeji.

Basi tulio ughaibuni tusione haya kuitwa wa kuja.