Kabla ya selfi pale Riesenrad

Wasee, ukifika Vienna lazima utapelekwa Riesenrad, lile gurudumu kubwa la burudani pale Prater. Mimi pia nilipanda. Karibu mita 65 juu, jiji lote chini yako, vibanda vyekundu kama mabehewa ya treni. Poa sana. Lakini wewe ushawahi kusikia jina Eduard Steiner?

Gurudumu lilijengwa 1897 na Mwingereza, Walter Bassett. 1916 kukatolewa kibali cha kulibomoa, ila pesa ya kazi hiyo ikakosekana. (Kumbe kusota nako husaidia.) 1919 Steiner, mfanyabiashara kutoka Prague, akalinunua. Alitakiwa alibomoe. Hakubomoa, akalikodisha, likaendelea kuzunguka.

1938 Wanazi wakaichukua Austria, wakamnyang'anya gurudumu lake kwa sababu alikuwa Myahudi. 1944 wakamuua Auschwitz. Mwaka huohuo gurudumu likaungua vitani, na liliporudi kazini 1947 lilikuwa na vibanda 15 badala ya 30. Hesabu ukiwa chini, bado ni 15.

Tunaliita alama ya Vienna. Kwangu mimi ni la Steiner kwanza, na huyo ndiye ningemtaja kwenye kepsheni.