Matarumbeta ya Manzese yana ukoo

Wadau, Jumamosi jioni pale Manzese, Morogoro Road, hamkosi kuwaona: vijana nyuma ya pikapu, tarumbeta mdomoni, wakiongoza msafara wa bibi harusi. Wengi wetu tunawaita wahuni. Tunawaonea.

Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya beni (yaani "bendi" hiyo hiyo), wakiiga gwaride na bendi za Wazungu. Vita ya 1914–1918 ikaisambaza Tanganyika pamoja na askari na wapagazi. Kukawa na pande mbili hasimu: Marini, ya makarani na wasomi, na Arinoti, ya watu wa kazi za mikono. Kila upande na sare zake, vyeo vyake, na watu wake wa kuzikana. Terence Ranger aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1975.

Kinachonikera ni hiki: karani wa enzi zile aliingia uwanjani kucheza mwenyewe. Sisi makarani wa leo tunakaa kwenye kiyoyozi, tunarekodi video, halafu ukumbini tunabishana na mpuliza tarumbeta juu ya hela tulizopatana naye asubuhi.