Diski ya Shule Haikuanzia Kenya

Kama ulipitia shule za huku, labda unaijua diski. Ukiongea lugha ya mama unavalishwa kitu shingoni, unampasia mwingine akiteleza, na jioni anayepatikana nacho anakula viboko. Sasa sikia hii: karne ya 19, watoto wa Wales walivalishwa kibao cha aina hiyohiyo. Kiliitwa Welsh Not. Na mwalimu mara nyingi alikuwa Mwelisi mwenyewe, vile tu huku alikuwa mtu wa kwenu.

Chanzo kilikuwa sheria. Mwaka 1536, chini ya Mfalme Henry VIII, Kiingereza kilifanywa lugha ya mahakama za Wales, na anayetumia Kiwelisi akanyimwa cheo serikalini. Lugha ikikosa kazi, hata mzazi anaanza kuionea aibu.

Kuirudisha kulihitaji siasa. Mwaka 1962 mwandishi Saunders Lewis alionya redioni kwamba Kiwelisi kinakufa. Mwaka huohuo vijana wakaunda chama, na baadaye wakaanza kupaka rangi mabango ya barabarani ya Kiingereza pekee. Wengine walilala ndani. Mwaka 1979 chama cha Conservative kiliahidi kituo cha TV cha Kiwelisi, kikashinda uchaguzi, kisha kikaruka ahadi. Unawajua wanasiasa. Mwaka 1980 Gwynfor Evans, kiongozi wa Plaid Cymru, akatangaza atagoma kula hadi afe. Serikali ya Margaret Thatcher ikanywea, na kituo cha S4C kikaingia hewani Novemba 1982. Sheria ya mwaka 2011 ikakifanya Kiwelisi lugha rasmi Wales. Vita havijaisha: sensa ya 2021 ilipata wasemaji kama 538,000, asilimia 17.8 tu.

Sisi tulianzia upande wa pili: sheria tunayo, presha hatuna. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali itakuza na kulinda lugha za Wakenya, pamoja na Lugha ya Ishara na breli. Kifungu cha 56 kinaahidi jamii za wachache mipango ya kukuza lugha zao. Lakini nenda Mukogodo, Laikipia. Wayaaku walihamia Kimaasai, na Kiyaaku kimebaki kwa wazee wachache sana. Kura zao hazimtishi mwanasiasa yeyote, kwa hivyo nani ataulizwa kuhusu hiyo ahadi?

Kuna watakaosema hii ni kuchochea ukabila. Hapana. Ukabila ni kumnyima mtu kazi kwa sababu ya jina lake. Mtoto wa Kiyaaku akipata kitabu cha lugha ya babu yake, Kiswahili chako hakipungui hata neno moja.

Wawelisi hawakuonewa huruma na London. Walisumbua hadi kunyamaza kukawa ghali kuliko kusikiliza. Katiba imetupa haki ya kusumbua. Siku mgombea akija mtaani kwenu kuomba kura, muulize Kifungu cha 7 kimetengewa pesa ngapi.