Kabla Ubadilishe Pikapu za Gitaa Lako, Sikiza Obokano Kwanza

Wasee wa Kisii na Nyamira, leo tunaongea pikapu. Si ile inayobeba ndizi kutoka Keroka usiku kwenda Nairobi. Naongea ile ndogo iliyo chini ya nyuzi za gitaa la umeme: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Hiyo ndiyo inashika mtetemo wa uzi na kuupeleka kwa spika.

Siku hizi kila kijana mwenye gitaa, awe wa benga, wa kanisa ama wa roki, anaambiwa kitu kimoja: ng'oa pikapu za pasivu, weka za aktivu, ndio usikike kama pro. Mimi sipingi. Nimewawekea marafiki kadhaa kwa mikono yangu. Kinachonisumbua ni kwamba tunabadilisha bila kujua hiyo kitu ilitoka wapi na iliacha nani nyuma. Na aliyeachwa nyuma ni wetu.

Tuanze mwanzo. Marekani, miaka ya 1920 kwenda 1930, bendi zilikuwa zinakuwa kubwa. Ngoma na tarumbeta zilimfunika mpiga gitaa kabisa. George Beauchamp, mpiga gitaa mwenyewe, akachoka kutosikika. Mwaka 1931 alitengeneza pikapu ya sumaku, na 1932 kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Rickenbacker ikaanza kuuza gitaa lenye pikapu hiyo. Lilikuwa na umbo la kikaango, na watu wakaliita hivyo hivyo, kikaango.

Sasa shika hapa vizuri. Sumaku haisikii sauti. Inasikia chuma. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, nguvu ya sumaku inabadilika na umeme kidogo unazaliwa kwenye waya. Ukiweka uzi wa nailoni ama wa utumbo wa mnyama, pikapu inanyamaza kabisa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, teknolojia hii ilichagua upande.

Huku kwetu mambo yalikuwaje? Omogusii alikuwa na obokano. Kama hujawahi kuiona, ni chombo kikubwa cha nyuzi nane, chenye bakuli lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili na mti wa kukingama juu ambapo nyuzi zinafungwa. Mpigaji anaketi chini kwa kigoda. Nyuzi zilikuwa za mishipa ya mnyama, baadaye zikawa za nailoni. Sauti yake ni nzito na inavuma, kama nyuki ndani ya mzinga. Majirani zetu Wajaluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane lakini ni ndogo zaidi.

Gitaa la umeme likaingia Kenya. Fundi Konde, mtu wa Pwani, anatajwa kati ya Wakenya wa kwanza kulipiga. Miaka ya 1960 benga ikapamba moto kule Nyanza, na majina kama D.O. Misiani wa Shirati Jazz yakawa makubwa. Watu wengi wanaojua benga watakwambia vidole vya nyatiti ndivyo vilihamia kwenye gitaa. Kwetu Gusii tukawa na benga yetu, watu kama Christopher Monyoncho na Riakimai, na hadi leo ukifungua Egesa FM utakutana nayo. Pale Kericho, karibu tu na Nyamira, duka na studio ya Chandarana ilirekodi bendi nyingi sana za magharibi ya Kenya.

Maoni yangu ni haya: obokano haikushindwa na gitaa kwa utamu. Ilishindwa kwa sauti. Sherehe ilipokuwa ya watu hamsini, obokano ilitosha. Watu walipofika mia tano na spika zikafungwa, mwenye nyuzi za chuma alichomeka kebo na akasikika hadi ng'ambo ya mto. Mwenye nyuzi za nailoni alihitaji kipaza sauti mbele yake, nacho kikisogezwa karibu sana kinapiga mluzi. Ukiwa ndio unalipa wanamuziki, utaita nani?

Pikapu ya sumaku nayo ilikuwa na shida zake, na hapa ndipo hadithi ya aktivu inaingia. Ule waya wa shaba ni kama antena. Unashika kelele ya stima iliyo karibu, ule mngurumo wa "mmmmm" unaousikia kabla wimbo kuanza. Seth Lover wa kampuni ya Gibson akaunda pikapu ya koili mbili mwaka 1955: kelele za koili moja zinaua za nyingine. Ikasaidia, lakini umeme unaotoka kwa pikapu ya pasivu bado ni dhaifu, na kebo ikiwa ndefu inakula zile sauti kali za juu.

Dawa ikawa kuweka betri ndani ya gitaa lenyewe. Kampuni ya Alembic ya California, iliyoanzishwa 1969, ilikuwa kati ya waliotangulia. Mwaka 1976 Rob Turner akaanzisha kampuni ambayo leo inaitwa EMG. Pikapu zake zina koili ya mizunguko michache, kwa hivyo zinashika kelele kidogo. Kisha saketi ndogo iliyo ndani ya pikapu inakuza ile sauti kwa nguvu ya betri ya volti 9 kabla haijaingia kwenye kebo. James Hetfield wa Metallica akazipenda, na vijana wa dunia nzima wakamfuata.

Faida nyingine haizungumzwi sana, na kwangu ndiyo kubwa. Gitaa la pasivu kwa kawaida lina waya unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme kupitia amplifaya. Vidole vyako viko kwenye hiyo njia. Amplifaya ama kipaza sauti kikiwa kimeungwa vibaya, wewe ndio unakuwa waya. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972, aliposhika kipaza sauti ambacho hakikuwa na waya wa ardhi. Sasa fikiria harambee zetu: jenereta nyuma ya hema, waya zimepita kwenye nyasi zenye umande, soketi imefungwa kwa selotepu. EMG wenyewe wanasema pikapu zao hazihitaji huo waya wa nyuzi. Hiyo haimaanishi usahau waya wa ardhi wa amplifaya. Inamaanisha hatari moja imepungua.

Kwa hivyo ukiamua kubadilisha, fanya kwa akili. Vitasa vya sauti vya pasivu ni vya omu 250,000 ama 500,000, vya aktivu ni 25,000, na usivichanganye. Tundu la kebo liwe lile la stereo, kwa sababu kebo ikichomekwa ndio inawasha betri. Ukimaliza kupiga, chomoa, la sivyo betri inakufa ukiwa umelala. Tafuta nafasi ya betri kabla ya kuchoma risasi waya wowote. Zile pikapu za zamani zifunge kwa karatasi uziweke.

Sababu ya kuziweka ni kwamba usafi si kila kitu. Mbira ya Zimbabwe hufungwa vifuniko vya soda ama makombe ili ikwaruze. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 aliunda pikapu za likembe kwa sumaku za vipuri vya magari yaliyokufa. Sauti ikatoka imechanika vibaya sana, na albamu yao ya 2004, Congotronics, ikawapeleka Ulaya na Marekani wakiwa na hiyo sauti yao iliyochanika. Hawakungoja kununuliwa vifaa visafi. Obokano nayo inavuma kwa sababu waliotuzaa waliipenda ikivuma. Kijana akiniambia sauti ya zamani ya Gusii ni "vifaa vibovu", namuuliza kama amewahi kukaa mita moja kutoka kwa obokano.

Na hapa ndipo nataka tufike. Ile saketi ya betri inaweza kumrudishia obokano kile sumaku ilimnyima. Kuna kisahani kidogo cha shaba kinaitwa pizo, kile kinacholia ndani ya saa za kengele na vichezeo vya watoto. Kikibandikwa kwa mbao ama karibu na ngozi, kinageuza mtetemo kuwa umeme. Hakijali kama uzi ni chuma, nailoni ama mshipa, na kinashika hadi ule mvumo. Shida yake moja ni kwamba umeme wake unapotea haraka ukiuchomeka moja kwa moja, na dawa ni ile ile: saketi ndogo na betri ya volti 9. Yaani mkono unaojua kuweka pikapu ya aktivu kwa gitaa tayari unajua nusu ya kazi ya kuifanya obokano isikike uwanja mzima.

Grandmaster Masese ameshapanda nayo jukwaani pamoja na mashairi, kwa hivyo usiniambie vijana hawataki. Kama uko na chuma cha risasi na mzee wa obokano anaishi ridge ya pili kutoka kwenu, nenda umsalimie kwa heshima, umuombe akupigie bila spika kwanza. Sikiza vizuri inavyovuma. Ukishajua ni sauti gani haifai kupotea, ndio ufungue begi ya vifaa.