Mji kasoro bahari, vitabu kasoro herufi

Mji wetu huu wa Morogoro tumezoea kuuita "mji kasoro bahari". Milima ya Uluguru ipo, mito ipo, reli ipo, vyuo vipo. Kinachokosekana ni maji ya chumvi tu. Leo nataka kuzungumzia kasoro nyingine, ndogo kuliko sisimizi: herufi iliyokaa vibaya ndani ya kitabu cha kwenye kompyuta. Ni ndogo, lakini inaweza kuufuta mji kwenye historia. Unabisha? Twende taratibu.

Reli ilifika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, enzi za Mjerumani. Habari nyingi za wakati ule zimebaki kwenye vitabu vya Kijerumani na kwenye gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililotoka Dar es Salaam kuanzia 1899 hadi 1916. Wajerumani wa zama zile walichapa kwa herufi za kizamani zenye pembe na mikia, na s ya katikati ya neno ilikuwa ndefu, inafanana sana na f. Binadamu aliyezoea hasumbuki. Lakini ukurasa ukipigwa picha, kisha programu ikaambiwa igeuze picha kuwa maandishi, mara nyingi inaona f. Basi Kisaki inakuwa Kifaki. Kilosa inakuwa Kilofa. Usagara inakuwa Ufagara. Hata Daressalam, kama wao walivyoliandika, linageuka Dareffalam!

Cheka, ruksa. Kisha mfikirie mwanafunzi wa Mzumbe au SUA anayetafuta habari za Kisaki, ambako majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalipigana na Wajerumani Septemba 1916, siku chache baada ya kuuteka mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti. Anaandika "Kisaki", anabonyeza, anaambiwa hakuna kitu. Kitu kipo! Kimejificha humo humo kwa jina la bandia. Zamani nyaraka zilipotea kwa mchwa na moto. Siku hizi zinapotea zikiwa mbele ya macho yetu.

Kukagua maandishi kabla hayajamfikia msomaji si jambo geni kwa Kiswahili. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Pamoja na kusanifisha tahajia, kamati ilipitia miswada ya vitabu vya shule, ikarekebisha, na kutoa idhini kwa kitabu kilichofuzu. Lakini katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Yaani mwenye lugha hakuwemo kwenye meza ya kuikagua lugha yake! Baadaye Waafrika waliingia, Shaaban Robert akiwa mmoja wao. Mwaka 1964 kamati ikageuka kuwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam, na mwaka 1967 likaundwa BAKITA, ambalo hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu.

Halafu zikaja kompyuta. Kule Helsinki, Arvi Hurskainen alianza tangu miaka ya 1980 kuifundisha kompyuta kuchambua maneno ya Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi si lelemama. Chukua kitenzi "andika": ameandika, tutawaandikia, wasipoandikiana... Orodha ya maneno itaishia wapi? Na hata ikitosha, "kuku" akikaa mahali pa "kaka", mashine itapita bila wasiwasi, maana yote mawili ni maneno halali.

Vitabu vya EPUB, muundo uliopitishwa kuwa kiwango mwaka 2007, ni kapu la faili lililofungwa: kurasa, picha, orodha ya yaliyomo. Ipo programu ya bure, EPUBCheck, inayolikagua kapu hilo. Faili zote zipo? Viungo vinafika? Alama zimefungwa sawasawa? Ikiridhika inakwambia hakuna kosa, na wengi hapo hapo wanachapisha. Lakini programu ile haikusoma kitabu. Kifaki ipo palepale, na ng'ombe wako huenda anaonekana kwenye skrini kama ngâ€™ombe, kwa sababu usimbaji wa herufi ulivurugika mahali fulani njiani.

Wenzetu wa Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart huko Marekani mwaka 1971, wanalijua hili. Tangu mwaka 2000 wapo Distributed Proofreaders, watu wa kujitolea wanaogawana kitabu ukurasa kwa ukurasa: picha hapa, maandishi pale, na kila ukurasa unapita kwa wasoma prufu kadhaa. Nawavulia kofia. Lakini msoma prufu wa Chicago, hata awe makini vipi, atajuaje kwamba Uluguru haina Kifaki?

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mwaka 1930 meza ya ukaguzi ilikuwa na viti ambavyo hatukupewa. Leo viti vipo wazi na hakuna anayetuzuia. Ukiwa na faili, ipitishe kwenye mashine kwanza. Kisha tafuta "â€" humo ndani, tafuta tarakimu 1 iliyojipenyeza katikati ya neno, angalia majina ya mahali moja baada ya jingine. Mwisho soma yote, picha ya kitabu halisi ikiwa pembeni, na mpe mtu wa pili anayezifahamu sehemu zinazotajwa. Inachosha, najua. Ila mzee wa Kisaki hatafungua EPUBCheck kulirudisha jina la kijiji chake. Sisi tuliosoma, tulio mjini na wenye kompyuta, ndio wa kuifanya kazi hiyo.

Bahari kuja Moro haiwezekani. Herufi je, nazo zitushinde?