Mafuta ya chakula: Yapi yafaa, yapi ni sumu kwa moyo?

Wapo wazazi wanaoogopa mafuta hata wakawapa watoto wao mboga za kuchemsha tu. Hilo ni kosa. Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, hivyo sukuma wiki isiyotiwa hata tone hainufaishi mwili ipasavyo. Takriban nusu ya nguvu apatayo mtoto katika maziwa ya mama hutokana na mafuta, kwani ubongo wake ungali unakua.

Kwa mtu mzima, kiasi ndicho muhimu: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga ina 4.

Samli, siagi na mafuta ya nazi, ambayo huganda penye baridi, huongeza kolesteroli mbaya katika damu. (Wapwani watanisamehe.) Mafuta ya alizeti, simsim na karanga ni afadhali, nao samaki kama omena wana omega-3.

Mabaya zaidi ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusunusu viwandani kwa haidrojeni. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaka yatokomezwe kufikia 2023, lakini baadhi ya mataifa hayajayapiga marufuku.