Twiga wa Kenya, wanaanga na kizunguzungu cha Kitswamba

Aliyeinama kupalilia pamba Kitswamba tangu alfajiri, akinyanyuka ghafla, huweza kuona nyota mchana. Wengi husingizia njaa. Mara nyingi ni mvuto wa dunia: mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka tumboni na miguuni. Papo hapo moyo huongeza mapigo na mishipa hujikaza, ubongo usije ukakosa damu.

Nasi wa Kitswamba tuko jirani na ikweta, inayokatiza barabara kusini ya mji wa Kasese, Uganda, mahali ambapo dunia huvuta kwa nguvu ndogo kuliko kwenye ncha zake. Jean Richer, Mfaransa, aliliona hilo mwaka 1672 kule Cayenne: saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawasawa Paris, ilichelewa kila siku. Lakini upungufu huo haufiki hata asilimia 1. Moyo hauna habari nao.

Mwenye habari na mvuto wenyewe ni twiga, kwani ubongo wake uko mita mbili hivi juu ya moyo. Mwaka 1966 mtafiti Robert Van Citters na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao Kenya: walimtegea twiga wa porini kipimo kwenye mshipa wa shingo, wakamwacha aende zake, wakapokea presha yake kwa redio. Presha ya twiga karibu na moyo ni kama maradufu ya yetu. Miguu haimvimbi, ngozi yake imeibana kama soksi.

Miaka hiyohiyo binadamu alikuwa akiukimbia mvuto wenyewe. Yuri Gagarin alikaa angani dakika 108 mwaka 1961, akarudi mzima. Wanaanga Nikolayev na Sevastyanov walikaa karibu siku 18 mwaka 1970. Waliposhuka, kusimama kukawashinda. Kule juu damu hupanda kifuani na usoni, mwili ukadhani maji yamezidi, ukayatoa. Moyo nao, usio na mlima wa kupandisha damu, hupungua: mwanaanga Scott Kelly alikaa siku 340, akifanya mazoezi karibu kila siku, na bado chumba kikuu cha moyo wake kilipoteza takriban robo ya uzito.

Halafu mwaka 2019 watafiti wakatangaza jambo jipya. Kati ya wanaanga 11, sita walikutwa damu ya mshipa wa shingo imetuama au inarudi nyuma, na mmoja alikuwa na damu iliyoganda. Alitibiwa hukohuko angani, kwa maelekezo ya daktari aliyekuwa duniani, na vidonge vyake vikapelekwa na chombo cha mizigo.